Siku ya Tatu Mpe Jembe: Wiki Yangu ya Kwanza Kitale na Bungoma



Mama zangu na dada zangu wasomaji, naomba nianze na maneno aliyoniambia mama yangu usiku wa kuamkia safari. Nilikuwa nimeketi chini chumbani kwetu, Tanga, nikipanga nguo begini, naye amesimama mlangoni na mtandio wa sala bado uko kichwani. Akasema, "Mwanangu, unakwenda kuwafundisha watu kulima, na hapa nyumbani hujashika jembe tangu umalize shule ya msingi." Sikumjibu. Nilidhani ananitania tu kwa kuwa moyo wake mzito. Zilipita siku sita kabla sijayafahamu maneno yale.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nasomea mambo ya mazingira. Mwezi wa Agosti 2024, wakati wa likizo ndefu, nilichaguliwa kujiunga na mafunzo ya miezi miwili ya uongozi katika utunzaji wa mazingira, magharibi mwa Kenya. Tulikuwa vijana kumi na wawili: kutoka Kenya yenyewe, Uganda, Uingereza, na mimi peke yangu kutoka Tanzania. Masharti yalikuwa mepesi kuyasoma: kila mmoja atajitolea bila ujira, ataishi katika nyumba ya mwenyeji, na atafanya kazi na kikundi cha wakulima.

Kwa upande wa nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Miezi miwili nyuma vijana wa Kenya walikuwa wamefanya maandamano makubwa juu ya muswada wa fedha, na picha za Juni 25 zilikuwa bado hazijamtoka mama yangu akilini. Baba aliwapigia simu waandalizi mara tatu. Aliuliza kama mwenyeji wangu ni mwanamke, kama nitapata nafasi ya kusali, na chakula kitakuwaje. Aliporidhika aliniruhusu, kwa sharti kwamba kaka yangu anifikishe hadi Kitale kwa mkono wake.

Tukaondoka Tanga alfajiri ya Jumamosi. Tulivuka mpaka Horohoro, tukapanda kivuko cha Likoni, tukalala Mombasa kwa shangazi. Jumapili tulishika treni hadi Nairobi, na usiku huo tukapanda basi kupitia Nakuru na Eldoret. Jumatatu asubuhi tuliteremka Kitale.

Jambo la kwanza lililonipokea ni baridi. Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Agosti ni mwezi wa mvua huko. Sisi wa Tanga tumezoea mwezi huo kuwa mkavu na wenye upepo mwanana. Nilivaa baibui juu ya sweta, na juu yake koti la kaka yangu, ambaye alirudi nyumbani jioni akitetemeka. Jambo la pili ni kijani. Kila upande, hadi macho yanapokoma, kulikuwa na mahindi marefu kuliko mtu, na nyuma yake Mlima Elgon umejifunika mawingu.

Wakenya huiita Trans Nzoia, kaunti ambayo Kitale ni makao yake makuu, ghala la nafaka la nchi. Si jina la bure. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa hapo Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha mji huo kilitoa H611, mbegu ya kwanza chotara ya mahindi nchini. Kutoka hapo mahindi chotara yalienea Kenya nzima. Hata hivyo, mwalimu wetu wa siku ya kwanza alituonyesha upande wa pili. Shamba likipandwa zao moja mwaka baada ya mwaka, na likilishwa mbolea ile ile ya dukani, hasa ile iitwayo DAP, udongo huzidi kuwa na tindikali. Ukifika hapo, mkulima hutia mbolea zaidi na kuvuna kidogo zaidi, mpaka atie chokaa na kurudisha mboji.

Niliposikia hayo nilikumbuka kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwa miche hiyo 62 mashamba yalienea mkoa mzima wa Tanga, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa takriban tani 230,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na babu yangu, aliyekuwa mkata mkonge, akarudi nyumbani na mikono yenye makovu na hana shamba la mahindi wala la muhogo. Nikajiambia, "Alhamdulillah, mimi nayajua haya. Nina la kuwaambia watu wa huku." Kiburi, wasomaji wangu, huingia kwa mlango wa elimu bila hodi.

Jumanne tulipelekwa Jumba la Makumbusho la Kitale. Lilianza kama mkusanyiko wa mtu binafsi, Stoneham, mwaka 1926, na mwaka 1974 likafunguliwa kuwa makumbusho ya taifa. Ndani kuna ndege, vipepeo na vyombo vya kale. Nje kuna nyumba za mfano za makabila ya eneo hilo, mtambo wa gesi itokanayo na samadi, na kipande cha msitu wa asili chenye njia ya kutembea. Nilipenda sana ule msitu. Ni mdogo, lakini unaonyesha nchi ilivyokuwa kabla ya mahindi.

Tulipopumzika chini ya mti, mmoja wa vijana wa Kitale alitusimulia habari ambayo wenyeji hurithishana: kwamba zamani mji ulipo palikuwa kituo cha misafara, na kwamba mateka walifungiwa hapo ndani ya duara la mawe kabla ya kuanza safari ya kwenda pwani. Alisimulia kama mtu asimuliavyo habari ya mjini kwao, bila kumkusudia yeyote. Lakini mimi peke yangu pale ndiye niliyetoka pwani, na ndiye niliyevaa baibui. Nilitazama chini.

Sikuwa na la kukanusha. Misafara ya pembe iliondoka Pangani, mwendo mfupi kutoka kwetu, ikapita Umasaini hadi Baringo na nchi za huku. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipotaka kupita Umasaini, aliungana na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani, kwa kuwa watu wa Pangani walikuwa wameijua njia hiyo kabla yake. Katika njia hizo hizo ilipita dini, ikapita lugha yetu, zikapita nguo na shanga. Na baadhi ya misafara ilirudi na watu waliofungwa. Nyumbani husimuliana sehemu ya kwanza ya habari hiyo. Ya pili huachiwa vitabu.

Jumatano ilikuwa zamu ya Bungoma. Matatu yetu ilipita Kiminini, ikavuka Kamukuywa, ikateremka kuelekea Webuye. Njiani tulikutana na wavulana wanaokimbia kwa makundi, wakipiga njuga za chuma mikononi, wanaimba. Dereva alipunguza mwendo kwa heshima. Wabukusu huwatahiri vijana wao mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, na wavulana wale walikuwa wakizunguka kwa jamaa zao kuwaalika. Nilikumbuka jando la kwetu. Webuye tuliliona dohani la kiwanda cha karatasi, kilichojengwa miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 2009, kisha kikafufuliwa na wamiliki wapya. Mwenzetu mmoja kutoka Uingereza alisema heri kingebaki kimefungwa kwa ajili ya misitu. Kondakta akamjibu kwa upole kwamba baba yake alisomesha watoto saba kwa mshahara wa kiwanda kile. Hakuna aliyezungumza hadi tulipofika Bungoma.

Mwenyeji wangu alikuwa mama wa makamo, mweka hazina wa chama cha akina mama cha kijijini. Nilimwamkia, "Shikamoo." Akacheka kwa furaha, akasema neno hilo alilisikia mara ya mwisho shuleni, kisha akanifundisha la kwao: *mulembe*. Maana yake ni amani. Nikamwambia kwamba hata sisi salamu yetu ni kuombeana amani. Akanishika mkono akaniingiza ndani.

Alasiri hiyo hiyo akina mama wapatao ishirini walikusanyika chini ya mwembe, na wazee wachache wakaja kuona wageni. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilibandika karatasi kubwa zenye michoro, nikaeleza tindikali, nikaeleza uhai uliomo ardhini, nikamaliza kwa kuwataka waache mbolea ya dukani na kutumia mboji. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mwenyeji wangu akainua mkono.

"Binti yangu, hiyo mboji inaiva kwa muda gani?"

"Miezi miwili, au mitatu, mama."

"Na mahindi yakifika magotini yanataka chakula siku ile, ama yanaweza kusubiri?"

"Siku ile."

"Mimi nina ng'ombe mmoja. Samadi yake inatosha ekari nzima?"

"Haitoshi, mama."

"Basi msimu huu watoto niwaambie nini?"

Nilifungua daftari langu. Jibu halikuwemo. Akina mama walicheka, si kwa ubaya, bali kama mtu acheavyo mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Hapo ndipo mzee mmoja, aliyekaa kwenye kigoda na fimbo mapajani, akauliza kwa sauti ya mzaha: "Na nyinyi watu wa pwani, safari hii mmekuja kuchukua nini?"

Wote wakacheka tena. Mimi nilitabasamu, lakini usiku ule sikupata usingizi mpaka karibu na alfajiri. Maswali mawili yalinikaa kifuani: la mama, ambalo sikuwa na elimu ya kulijibu, na la mzee, ambalo sikuwa na haki ya kulikasirikia.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alhamisi ilikuwa siku yangu ya pili katika nyumba ile, nami nikaamua kuitumia kama mgeni: kutazama na kuuliza, bila kufundisha. Nilimfuata mwenyeji wangu tangu kukama ng'ombe hadi kufunga kuku.

Shamba lake halikufika hata ekari moja. Kwa mbali lilionekana la mahindi tu. Kwa karibu lilikuwa darasa. Kati ya mistari ya mahindi kulikuwa na maharage. Kwenye mteremko alipanda mabingobingo ili mvua isichukue udongo, na hayo hayo ndiyo malisho ya ng'ombe. Nyuma ya jiko, pale anapomwaga majivu na maji ya vyombo, mboga za kienyeji zilikuwa zimestawi kuliko bustani yoyote niliyopata kuiona.

Kisha akanionyesha kipande kimoja kando ya njia, ambapo chini ya mahindi mlikuwa na mmea unaotambaa uitwao desmodiamu. Mbinu hiyo huitwa vuta sukuma, nayo ilibuniwa na wanasayansi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE na wenzao. Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ilipojaribiwa. Harufu ya desmodiamu humsukuma nje nondo atagaye mayai kwenye mahindi. Mabingobingo yaliyozunguka shamba humvuta nondo huyo, akataga huko, na viwavi wake wengi wakafa. Zaidi ya hayo, mizizi ya desmodiamu huzuia kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi kutoka ardhini, na pia hurutubisha udongo. Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni. Sikuwa nimepata kuyaona.

"Mama," nikamwuliza, "mbona jana hukusema kwamba unayajua haya yote?"

"Mgeni alikuwa akizungumza," akajibu.

Kisha akanieleza polepole. Kipande kile alikianza misimu mitatu iliyopita, hatua kumi tu kwa ishirini. Msimu uliofuata akaongeza. Kwingine kote aliendelea kutia mbolea ya dukani, kwa sababu njaa ya miezi ya katikati ya mwaka, kabla ya mavuno, haina subira na majaribio. Jirani yake aliyeacha mbolea mara moja, baada ya semina ya wageni wengine, alivuna nusu na hajahudhuria semina tena. Aliniambia pia kwamba miti hapandi apendavyo, kwani ardhi ni ya mume na ndugu zake, na mti ni kama alama ya mpaka. Lakini mboga hakuna amwulizaye. Kwa hiyo alianzia pale alipokuwa na mamlaka: nyuma ya jiko.

Niliandika maneno hayo daftarini. Kisha nami nikamsimulia habari ya babu yangu na mkonge, si kama funzo, bali kama habari ya nyumbani. Alisikiliza sana. Aliniambia kwamba mumewe alikodisha kipande chao kwa miwa miaka mingi, wakingoja malipo hadi watoto wakarudishwa kutoka shuleni. "Kumbe hata kwenu," akasema. Neno hilo moja lilifanya kazi ambayo karatasi zangu zote hazikuifanya.

Ijumaa ilikuwa siku ya tatu. Baada ya sala ya alfajiri nilisikia hodi. Alikuwa amesimama mlangoni na majembe mawili.

Tulichimba kitalu cha mboga kwa namna ambayo kituo cha kilimo cha Manor House, karibu na Kitale, kimeifundisha tangu kilipoanzishwa mwaka 1984: unachimba handaki la kina cha sentimita 30, unalegeza udongo wa chini sentimita nyingine 30, unatia samadi na mboji, kisha udongo wa handaki la pili unajaza la kwanza. Mizizi hupata njia ya kwenda chini, maji hukaa, na mboga zaidi huota katika nafasi ndogo. Kwa mwandishi ni sentensi moja. Kwa mikono yangu ilikuwa saa tatu. Nilipofika kati malengelenge yalikuwa yamepasuka. Mwenyeji wangu alifunga viganja vyangu kwa kitambaa, akasema nipumzike. Nilikataa, nikakumbuka mama yangu mlangoni, na nikacheka peke yangu ndani ya handaki.

Nilijifunza jambo ambalo hakuna kitabu kilichonieleza: kwamba kazi hiyo ni nzito, na kwamba mtu anayemwambia mwanamke mwenye watoto watano, ng'ombe mmoja na maji ya kuchota mbali achimbe hivyo ekari nzima, hajachimba. Kitalu kimoja kinawezekana. Viwili, mwakani, vinawezekana. Hayo ndiyo aliyokuwa akiniambia tangu Jumatano.

Mchana nilikwenda msikitini mjini Bungoma. Katika sehemu ya wanawake nilipokelewa na bibi mmoja aliyeniuliza kwetu wapi. Nilipotaja Tanga alifurahi, akasema dini iliwafikia kutoka Mumias. Ni kweli. Mumias iko kusini ya Bungoma, kaunti ya Kakamega. Ilikuwa makao ya wafalme wa Wanga, na watu wa pwani walifanya kituo hapo tangu karne ya kumi na tisa. Baadhi ya watu wa ukoo wa Nabongo Mumia waliupokea Uislamu, na kutoka kwao ukaenea. Kwa hiyo njia ile ile iliyonifanya nitazame chini Jumanne, ndiyo iliyomleta bibi huyu kwenye safu moja ya sala na mimi. Sikupata njia ya kuzitenganisha habari hizo mbili. Nadhani hatutakiwi kuzitenganisha. Tunatakiwa kuzijua zote.

Jumamosi mwenyeji wangu alitaka kunichinjia kuku. Yeye ni Mkristo, na kabla sijafungua kinywa alikwisha mtuma mwanawe kwa boda boda kumwita jirani Mwislamu, mwendo wa nusu saa, aje achinje. "Mgeni asile akiwa na shaka," alisema. Baba yangu aliuliza mara tatu kwenye simu juu ya chakula changu. Laiti angemwona mama huyu, asingeuliza hata mara moja.

Kabla ya kupika tulikwenda sokoni. Hapo ndipo nilipopata furaha kubwa ya wiki ile. Wanapima mahindi na maharage kwa mkebe waitao gorogoro, na mboga huuzwa kwa mafungu chini. Mwenyeji wangu alinitajia majina: *saga*, *managu*, *murere*. Niliinama, nikashika jani la saga, nikalinusa. Ulikuwa mgagani! Mgagani ule ule unaoota kando ya kisima chetu Tanga, ambao ndugu zetu wa Mombasa huuita mwangani. Managu ni mnavu. Murere ni mlenda. Nilimwambia kwamba kwetu siku hizi mgagani hung'olewa kama gugu, na wenye fedha hula kabichi kutoka Lushoto. Alinitazama kwa huruma. Kwao saga hupewa mwanamke aliyetoka kujifungua, hupikwa kwa maziwa ili uchungu upungue, nao huota upesi: wiki chache tu tangu kupandwa, mama anachuma.

Jioni ile nilimpigia simu mama yangu. Baada ya salamu nilimwomba jambo moja: asiung'oe mgagani ulio kando ya kisima. Kimya kilipita. Kisha akasema, "Umesafiri siku mbili kwenda kujua hilo? Bibi yako alilijua." Nikasema, "Ndiyo, mama." Nikamwambia pia kwamba nimeshika jembe. Akaniuliza mikono yangu ikoje. Nikamwambia mizima. Allah anisamehe.

Jumapili, wenyeji walipotoka kanisani, chama kilikutana tena chini ya mwembe. Safari hii sikubandika karatasi. Mwenyeji wangu ndiye aliyewapeleka wenzake kwenye kitalu chetu na kwenye kipande chake cha vuta sukuma, akawaeleza kwa Kibukusu, nami nikabeba ndoo za samadi. Wanane waliandikisha majina kuanza kitalu kimoja kila mmoja, nyuma ya jiko. Kazi yangu kwa wiki saba zilizobaki ilipangwa hapo hapo, na wao: kuchimba nao kwa zamu, kupima udongo wao kwa vifaa tulivyonavyo, na kuandika kila msimu kimetumika nini na kimevunwa nini, ili anayetaka kupunguza mbolea ajue apunguze kiasi gani bila kulaza watoto na njaa.

Yule mzee alikuwepo kwenye kigoda chake. Nilimwendea, nikamwamkia kwa mulembe, nikapiga goti kama tufanyavyo kwa wazee wetu. Nikamwambia: "Babu, Jumatano uliuliza watu wa pwani safari hii wamekuja kuchukua nini. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Nimekuja kujifunza. Na nikitaka kuchukua kitu, nitaomba kwanza."

Alinitazama kwa muda, akatazama vitambaa viganjani mwangu. "Basi omba," akasema.

Nikamwomba anifundishe, jioni akiwa na nafasi, jinsi walivyolima hapa kabla ya mahindi kufunika kila kitu: wimbi, mtama, na namna walivyoipumzisha ardhi. Akasema nije kesho baada ya alasiri, na nije na daftari, kwani yeye harudii.

Ndugu zangu wasomaji, tumefundishwa kwamba apandaye mti au mbegu, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, hiyo ni sadaka yake. Mimi bado sijapanda kitu ambacho kimeliwa. Lakini ninao viganja viwili vinavyopona na kitalu kimoja cha saga, na kesho alasiri nitakuwa kwenye kigoda, miguuni kwa mzee. Mwombeeni binti yenu apate adabu ya kusikiliza. Na nanyi mlio nyumbani, kabla ya kung'oa kilichoota kando ya kisima, muulizeni bibi jina lake.

Wassalaam.